Samaki Asiyejulikana Jina: Somo la Utambuzi kwa Kutumia Jamii ya Kambale

Mwanafunzi wa darasa la tano amwonapo samaki mgeni ndani ya tangi la kioo, swali lake la kwanza huwa moja tu: "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Swali ni jema, lakini namna linavyojibiwa ndiyo inayoamua kama somo litaendelea au litakufa. Katika kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumeshuhudia mara nyingi mwalimu akitaja jina la kwanza lililomjia kinywani, kwa kuchelea kuonekana hajui. Samaki ana masharubu, basi ni kambale. Wanafunzi huandika "kambale" madaftarini, wakachora umbo lisilofanana na samaki aliye mbele yao, na uchunguzi huishia pale ulipopaswa kuanza.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kuahirishwa bila kumvunja moyo aliyeuliza, na jinsi darasa zima linavyoweza kulijibu lenyewe, hatua kwa hatua, kadiri ushahidi unavyoruhusu. Tumechagua jamii ya kambale kwa sababu Afrika imejaliwa aina nyingi mno za samaki hao, toka mabwawa ya mashambani hadi miamba ya Ziwa Tanganyika, na kwa sababu sehemu za miili yao zinazohitajika katika utambuzi huonekana kwa macho matupu. Hapana haja ya darubini.

Asidhani mtu kwamba jina ni pambo tu la kuandikwa juu ya tangi. Kambale wa kawaida, Clarias gariepinus, ambaye leo ana urefu wa kidole, huweza kukua akazidi mita moja. Huwameza wenzake walio wadogo kuliko yeye, na tangi lisipofunikwa aweza kutoka usiku akakutwa sakafuni, kwani ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua na hawezi kufa upesi nje ya maji. Synodontis mdogo wa Ziwa Tanganyika, ambaye naye ana masharubu na hana magamba, hukoma kukua akiwa na urefu wa kiganja. Huyo amezoea maji ya alkali, maana pH ya ziwa lile ni karibu 9, ilhali ndugu zake wa vijito vya misitu ya Kongo wamezoea maji laini yenye asidi kidogo. Mwalimu akikosea jina, hukosea maji, hukosea chakula, na hukosea wenzi wa kumweka nao. Anayelipa gharama ya kosa hilo ni samaki.

Tuanze na matayarisho. Wengi wa jamii hii huamka usiku na kujificha mchana, kwa hiyo mwalimu anayetegemea kwamba samaki atajitokeza saa nne asubuhi kwa ajili ya kipindi chake atafundisha tangi tupu. Yafaa samaki ahamishwe mapema, kabla ya darasa kuingia, awekwe katika chombo chembamba cha kioo chenye maji ya tangi lile lile, na arudishwe mara kipindi kiishapo. Asikamatwe kwa wavu. Aina nyingi zina miiba yenye meno kama ya msumeno katika mapezi, nayo hunasa katika nyuzi za wavu kiasi kwamba kuinasua ni kumwumiza samaki na mara nyingine kuukata wavu wenyewe. Afadhali mtungi wa plastiki uzamishwe na samaki aelekezwe polepole mpaka aingie mwenyewe. Tangi lenyewe liwe na kigae cha chungu au mawe yaliyopangwa kuacha mwanya, na maji ya bomba yaachwe wazi kwa siku moja au zaidi ili klorini ipungue kabla hayajatumiwa.

Samaki asiyejulikana asishikwe kwa mkono mtupu, wala mwanafunzi asiruhusiwe kutumbukiza kidole. Miiba ya mapezi ya kifuani huchoma vibaya. Tena yuko kambale wa umeme, Malapterurus, ambaye mshtuko wake huweza kuzidi volti 300. Wamisri wa kale walimjua vizuri, wakamchonga katika picha za kaburi la Ti huko Saqqara zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa bahati njema ni mwepesi kutambulika: hana pezi la kawaida mgongoni, ila pezi moja dogo laini karibu na mkia. Basi kabla ya jambo lolote lingine, mwalimu atazame mgongo.

Sasa twaja kwenye kipindi chenyewe. Badala ya kuuliza "Huyu ni samaki gani?" mwalimu aulize "Huyu ana nini?" na aulize kwa utaratibu. Utaratibu tunaoupendekeza huanza na ngozi, ukafuatwa na masharubu, kisha mapezi, kisha kichwa na miiba, na rangi huja mwisho kabisa. Wanafunzi wakiachiwa, wao hupindua utaratibu huu. Huanza na rangi: "Ana madoadoa kama chui!" Tusiwakemee. Tuyaandike maneno yao pembeni mwa ubao, chini ya kichwa "Ya baadaye", na kuendelea.

Ngozi hututenga na samaki wengi. Wako samaki wenye masharubu ambao si jamii ya kambale kamwe, mathalani wale wa jenasi ya Barbus, lakini hao wana magamba. Kamongo naye ana mwili mrefu laini unaoweza kumdanganya mtu, ila akitazamwa karibu ana magamba madogo yaliyozama ngozini, hana masharubu, na mapezi yake mawili ya kifuani na mawili ya nyuma ni kama nyuzi. Jamii ya kambale ya Afrika haina magamba.

Masharubu ndiyo sehemu tamu ya somo, na twashauri mwalimu aitumie theluthi nzima ya kipindi. Ulizeni ni mangapi, nanyi mtasikia majibu manne tofauti. Mmoja ataona manne, mwingine sita, mwingine manane. Mwalimu asiamue. Amwite mwanafunzi mmoja atazame kutoka mbele, mwingine kutoka juu, na wa tatu apige magoti atazame kutoka chini, maana samaki wengi wa jamii hii hubandika kinywa kwenye kioo na hapo taya la chini huonekana wazi. Kila mmoja achore alichokiona. Kisha michoro mitatu ilinganishwe. Hapo darasa hugundua lenyewe kwamba hakuna aliyekosea, bali kila mmoja aliona sehemu. Shule yenye simu ya kupigia picha iitumie kwa namna iyo hiyo: picha moja ya ubavu, moja ya juu, moja ya chini ya kichwa. Picha ya ubavu peke yake, ambayo ndiyo watu wengi hupiga, haitoshi.

Kambale wa jenasi ya Clarias ana jozi nne: moja puani, moja kwenye taya la juu, na mbili kwenye taya la chini. Synodontis ana jozi tatu tu, hana za puani. Na zile jozi mbili za taya la chini zina matawi madogo, kama nyuzi za kitambaa kilichofumuka ukingoni. Mwanafunzi aliyekwisha kuyaona matawi hayo kwa macho yake hatasahau.

Katika mapezi tutazame mambo mawili. Je, pezi la mgongoni ni refu, linalofika karibu na mkia, au ni fupi lenye mwiba mbele? Na je, nyuma yake lipo pezi la shahamu, yaani lile lisilo na miti ndani yake, nene na laini kama kipande cha ngozi? Kutokana na maswali haya na yale ya masharubu, darasa laweza kutunga ufunguo wake la kutambulia. Tunautoa hapa mmoja kama mfano, kwa jenasi saba tu zinazopatikana katika mito na maziwa yetu au katika matangi ya wafugaji:

1. Hana pezi la kawaida mgongoni, ana pezi la shahamu tu karibu na mkia: Malapterurus. Analo pezi la kawaida mgongoni: nenda 2.
2. Pezi la mgongoni ni refu, halina mwiba: nenda 3. Ni fupi, lina mwiba mbele: nenda 4.
3. Hakuna pezi la shahamu nyuma yake: Clarias. Lipo, kubwa: Heterobranchus.
4. Jozi tatu za masharubu, zile za taya la chini zina matawi: Synodontis. Jozi nne, hazina matawi: nenda 5.
5. Pezi la chini, lililo nyuma ya tundu la haja, ni refu sana, na mwili umebanwa ubavuni: Schilbe. Pezi hilo ni fupi: nenda 6.
6. Pezi la shahamu ni refu, lachukua sehemu kubwa ya mgongo: Bagrus. Ni dogo: Chrysichthys.

Twasisitiza kwamba ufunguo huu usinakiliwe ubaoni ukakaririwa. Ukikaririwa umekwisha kufa. Thamani yake ni kuwaonyesha wanachuo umbo la kazi, ili waweze kuwaongoza wanafunzi kutunga wa kwao. Tena ni mfupi: Ziwa Tanganyika lina Dinotopterus, ambaye wavuvi humwita singa, naye kwa ufunguo huu angeangukia kwa Heterobranchus. Kila ufunguo una mipaka ya wale walioingizwa ndani yake, na darasa la sita linaweza kabisa kuelewa jambo hilo likipewa mfano huu.

Tuchukue sasa samaki mmoja tumfuate hadi mwisho. Tuseme shule imepewa tangi na mtu aliyehama mji, na ndani yake mna samaki mmoja wa jamii hii asiye na jina. Urefu wake, ukipimwa kwa rula kupitia kioo toka ncha ya mdomo hadi mwanzo wa pezi la mkia, ni sentimita 7. Hana magamba. Ana jozi tatu za masharubu, za taya la chini zina matawi. Pezi la mgongoni ni fupi, mwiba wake imara, na nyuma yake lipo pezi la shahamu. Kichwa kimefunikwa na ngao ya mfupa inayofika mpaka mwanzo wa pezi la mgongoni. Hadi hapa darasa limefika kwa Synodontis bila kutaja rangi hata mara moja. Wavuvi wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania huwaita samaki wa jenasi hii gogogo, nao wakitolewa majini husikika wakilia kwa kusugua mwiba wa kifuani katika tundu lake.

Hapa mwalimu mwangalifu hupunguza mwendo, maana jenasi ya Synodontis ina spishi zaidi ya 100. Sasa ndipo tunapoyarudia maneno yaliyoandikwa pembeni mwa ubao. Samaki wetu ana madoa meusi juu ya mwili wa rangi ya kahawia hafifu, na mapezi yake ni meusi yenye ukingo mweupe. Mapezi ya namna hiyo ni alama ya spishi nyingi za Ziwa Tanganyika, kwa hiyo twaweza kuelekeza macho huko, ingawa bado hatujathibitisha. Je, madoa yamefika tumboni? Tumbo likiwa jeupe bila madoa, wa kufikiriwa kwanza ni Synodontis multipunctatus. Huyo ni samaki wa ajabu: huchanganya mayai yake na ya samaki wanaotunza mayai kinywani, na watoto wake huanguliwa mapema wakawala watoto wa mwenye kinywa. Habari hiyo ilitangazwa na mtafiti Tetsu Sato mwaka 1986. Wanafunzi watapenda kwamba awe ndiye. Lakini samaki wetu ana madoa mpaka tumboni, basi siye, na mwalimu asikubali kushawishiwa na uzuri wa hadithi.

Kati ya wale wanaofugwa sana, wenye madoa tumboni na umbo dogo namna hii, wamebaki wawili: S. petricola na S. lucipinnis. Na hapa pana funzo kubwa kuliko jina. Petricola alielezwa na Matthes mwaka 1959. Kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa pia na samaki mdogo kidogo aliyefanana naye, wakamwita petricola kibete. Mwaka 2006 wataalamu Wright na Page walipowapitia upya Synodontis wote wa Ziwa Tanganyika, walimtenga huyo mdogo kuwa spishi nyingine, wakamwita lucipinnis, kwa sababu penye mashina ya mapezi yake pana sehemu nyeupe kama madirisha ya mwanga. Watu walikuwa wamemtazama samaki huyo miaka nenda miaka rudi matangini mwao. Jina walilokuwa nalo liliwatosha, wakaacha kutazama.

Basi mwanafunzi atazame mashina ya mapezi. Akiona madirisha hayo, aandike alichoona. Je, sasa twaweza kutangaza kwamba ni lucipinnis? Tungejua alikovuliwa, tungethubutu zaidi. Hatujui. Na wako wafugaji waliokwisha kuchanganya spishi za Synodontis wakapata chotara ambao hawamo katika kitabu chochote. Samaki wa tangini asiye na historia aweza kuwa mmoja wao. Wataalamu wana njia ya kuandika hali hiyo. Wakijua jenasi tu, huandika Synodontis sp., maana yake spishi moja ya Synodontis isiyotajwa. Wakiona kwamba yaelekea kuwa spishi fulani lakini hawajathibitisha, huandika cf. katikati, kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "linganisha": Synodontis cf. lucipinnis. Tuwafundishe wanafunzi wetu herufi hizo mbili. Mtoto wa darasa la tano anayeandika cf. akijua sababu yake amefika mbali kuliko mwenzake aliyekariri majina ishirini.

Wanachuo wengine hutuuliza kwa nini tusilinganishe picha ya kitabuni au ya simuni na samaki, tukamaliza kazi kwa dakika moja. Rangi hubadilika kwa umri, kwa hofu, kwa mwanga na kwa afya. Watoto wa S. schall wa Mto Naili wana mabaka, ilhali wakubwa hupauka wakawa rangi moja. Mwenendo nao hudanganya. Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo ni maarufu kwa kuogelea chali, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Hata hivyo spishi nyingine kadhaa za jenasi hiyo nazo hujigeuza. Picha yafaa kuthibitishia, baada ya sehemu za mwili kutupunguzia idadi ya watuhumiwa.

Kuhusu vitabu vya zamani, ambavyo maktaba zetu nyingi zingali navyo, lipo tahadhari moja. Mwanachuo atakutana na Clarias mossambicus katika vitabu vya Afrika Mashariki, na Clarias lazera katika vile vya kaskazini na magharibi. Hao si samaki watatu pamoja na gariepinus. Uchunguzi wa Guy Teugels wa miaka ya 1980 uliwaunganisha wote kuwa spishi moja, na jina lililobaki ni lile la mwanzo, alilolitoa Burchell mwaka 1822 kutokana na Mto Gariep, yaani Orange, wa Afrika Kusini. Kwa upande mwingine, kambale mdogo si lazima awe mtoto wa kambale mkubwa. Ziko spishi za Clarias ambazo hubaki ndogo maisha yote, na kuzitofautisha na gariepinus mchanga mara nyingi hudai kuhesabu vichujio vilivyo ndani ya matamvua, kazi isiyofanyika kwa samaki aliye hai. Basi kwa Clarias mdogo wa tangini, darasa lisimame kwenye jenasi na kungoja akue.

Mwishoni mwa kipindi kadi ya tangi ijazwe na wanafunzi wenyewe. Iwe na tarehe, urefu, idadi ya masharubu, maelezo ya mapezi, ya kichwa na ya rangi, mahali alikotoka au neno "hapajulikani", na chini kabisa jina, likiwa na sp. au cf. kama yapasa. Iandikwe kwa penseli. Papo hapo darasa liambiwe kwamba samaki huyu, hata tangi likivunjika au shule ikifungwa, hatatupwa mtoni wala bwawani. Hatujui alikotoka, na maji ya kwetu yana samaki wao. Mwalimu atafute mapema mfugaji mwingine atakayempokea wakati wa likizo. Baada ya miezi sita samaki apimwe tena kwa rula ile ile, atazamwe mashina ya mapezi na tumbo, na kikundi kingine cha wanafunzi kijaze kadi ya pili bila kuonyeshwa ya kwanza, ndipo kadi zote mbili zibandikwe ukutani kando ya tangi.